Umeme Ule Ule, Wauzaji Wengi: Funzo la Illinois Baada ya Kugandishwa kwa Bei

Kwa muda wa miaka tisa, tangu 1998 hadi mwisho wa 2006, bei ya umeme wa majumbani katika jimbo la Illinois, nchini Marekani, haikupanda. Sheria ilikuwa imeizuia. Katika kipindi hicho bei ya mkate ilipanda, bei ya petroli ilipanda, na mishahara nayo ikapanda. Lakini bei ya uniti moja ya umeme ilibaki chini ya kikomo kilichowekwa na Baraza la Kutunga Sheria, na katika eneo la Chicago ilipunguzwa mara mbili. Mwezi Januari, 2007, zuio hilo lilikwisha. Ankara za kwanza zilifika katikati ya majira ya baridi. Kusini mwa jimbo, baadhi ya kaya zilizokuwa zikipasha nyumba joto kwa umeme ziliona zinadaiwa mara mbili, na nyingine hata mara tatu, ya kile zilicholipa mwaka uliotangulia.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba sheria iliyogandisha bei ndiyo hiyo hiyo iliyoahidi ushindani. Mwananchi aliambiwa kuwa siku moja atachagua muuzaji wa umeme kama anavyochagua duka la kununulia sukari, na kwamba wauzaji wakishindana bei itashuka. Kwa nini basi bei iliruka mara zuio lilipokwisha? Na je, mtu huchagua kitu gani anapochagua muuzaji wa umeme, ikiwa nguzo, nyaya na mita ya nyumbani kwake hazibadiliki? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo mawili.

Ukiritimba ulivyozaliwa Chicago

Katika miaka ya mwanzo ya umeme, mji wa Chicago ulikuwa na kampuni nyingi ndogo, kila moja na mitambo yake na wateja wake. Mwaka 1892 alifika mjini humo Samuel Insull, mzaliwa wa London aliyekuwa katibu wa Thomas Edison, akashika uongozi wa kampuni moja miongoni mwa hizo. Insull aligundua jambo ambalo bado ni msingi wa uchumi wa umeme. Mtambo unaowashwa kwa saa chache kila jioni ili kutoa mwanga hugharimu fedha zile zile za ujenzi kama mtambo unaofanya kazi mchana na usiku. Kwa hiyo, aliyeweza kuwahudumia kwa pamoja wenye viwanda na tramu mchana, na wenye nyumba usiku, aliutumia mtambo mmoja kwa saa nyingi zaidi, na kila uniti ikawa rahisi zaidi.

Hoja hiyo ilimfikisha kwenye hoja ya pili. Ni upotevu wa mali kujenga safu mbili za nguzo katika mtaa mmoja ili kampuni mbili zishindane. Mwaka 1898 Insull aliwahutubia wenzake wa sekta ya umeme, akapendekeza kwamba kila eneo lipewe kampuni moja tu, na kwamba kampuni hiyo isimamiwe na chombo cha jimbo kitakachopanga bei. Mwaka 1913 Illinois ilitunga sheria ya kuunda tume ya namna hiyo. Wataalamu wa uchumi huiita hali hii ukiritimba wa asili: ukiritimba usiotokana na hila za mfanyabiashara, bali na maumbile ya huduma yenyewe. Kwa zaidi ya miaka 80 Chicago iliishi chini ya utaratibu huo, na sehemu kubwa ya dunia iliufuata.

Safari ya umeme na hatua zake

Ili kuelewa mageuzi yaliyofuata, hapana budi kutenganisha hatua ambazo umeme hupitia. Kwanza huzalishwa mtamboni. Pili husafirishwa kwa njia kuu zenye volti nyingi hadi karibu na miji. Tatu hugawanywa mitaani kwa nyaya za volti ndogo hadi kwenye mita. Nne, kuna kazi ya kuuza: kununua umeme kwa jumla, kuandika ankara na kukusanya fedha.

Hoja ya Insull kuhusu nguzo ni ya kweli hadi leo katika hatua ya pili na ya tatu. Hakuna anayependekeza kujenga nyaya mbili sambamba. Lakini kuhusu kuzalisha, mambo yalibadilika. Katika miaka ya 1970 na 1980 ujenzi wa vinu vya nyuklia ulichelewa na kugharimu fedha nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na Illinois, ambayo hupata karibu nusu ya umeme wake kutoka katika vinu hivyo, iliubeba mzigo huo katika bei. Wakati huo huo mitambo midogo ya gesi asilia ilizidi kuwa bora na rahisi kujenga. Wenye viwanda wakaanza kuuliza: kwa nini tulazimishwe kununua umeme wa kampuni moja, na hali wapo wengine wanaoweza kuuzalisha kwa gharama ndogo zaidi? Kutokana na swali hilo lilizaliwa wazo la kuacha nyaya chini ya ukiritimba unaosimamiwa, na kufungua hatua ya kuzalisha na ya kuuza kwa washindani.

Elektroni hazina jina

Hapa mwanafunzi wa fizikia atakuwa na shaka, na shaka yake ni ya haki. Kama nyumba mbili jirani zinanunua kwa wauzaji wawili tofauti, je, umeme unajuaje uingie nyumba ipi?

Jibu ni kwamba haujui. Mkondo wa majumbani hubadilisha mwelekeo daima; nchini Marekani huenda na kurudi mara 60 kwa sekunde. Elektroni zilizomo katika waya wa taa hutikisika mbele na nyuma mahali pale pale. Hazisafiri kutoka mtamboni hadi nyumbani. Kinachosafiri ni nishati. Gridi nzima ni kama tangi moja la maji ambalo wengi humiminia na wengi huchotea: hakuna awezaye kusema kuwa ndoo yake imejaa maji ya fulani. Kinachowezekana ni kuweka daftari. Muuzaji hulipia kiasi kilichomiminwa kwa ajili ya wateja wake, na mita za wateja huonyesha kiasi kilichochotwa.

Kwa hiyo, anayehama muuzaji hapati umeme ulio safi zaidi au wenye nguvu zaidi katika waya wake. Waya ukikatika, fundi wa kampuni ile ile ya nyaya ndiye atakayekuja. Kilichobadilika ni jina katika sehemu moja ya ankara, pamoja na mapatano ya bei. Jambo hili tulikumbuke, kwa maana ndilo ufunguo wa habari yote.

Sheria ya 1997

Mwezi Desemba, 1997, Illinois ilipitisha sheria ya kufungua soko hatua kwa hatua. Wateja wa viwanda na biashara walianza kupata haki ya kuchagua mwezi Oktoba, 1999. Wenye nyumba waliipata mwezi Mei, 2002. Ili mwananchi wa kawaida afaidike mapema, bei ya nyumbani katika eneo la kampuni ya Commonwealth Edison, inayohudumia Chicago na kaskazini ya jimbo, ilipunguzwa kwa asilimia 15 mwaka 1998 na kwa asilimia 5 zaidi mwaka 2001. Kisha bei zikagandishwa. Kipindi cha mpito kilipaswa kwisha mwanzoni mwa 2005, lakini kiliongezwa hadi mwanzoni mwa 2007.

Kwa upande wao, kampuni ziliruhusiwa kujitenga na mitambo yake. Commonwealth Edison iliuza mitambo yake ya makaa ya mawe mwaka 1999, na mwaka 2001 vinu vyake vya nyuklia vikahamishiwa kampuni nyingine iliyo chini ya mmiliki yule yule. Ikabaki kampuni ya nyaya, isiyozalisha umeme wake yenyewe. Zuio la bei lingekwisha, ingelazimika kununua umeme sokoni kama mtu mwingine yeyote.

Matokeo ya kugandisha bei yalikuwa kinyume cha makusudio. Mwenye nyumba alikuwa na haki ya kuchagua tangu 2002, lakini hakuwa na wa kumchagua. Ni muuzaji gani mgeni angeweza kuja kushindana na bei iliyoshushwa kwa amri ya sheria? Mfanyabiashara hufuata faida, na faida haikuwapo. Zuio lililowekwa ili limlinde mteja mpaka washindani wafike ndilo lililowazuia washindani kufika.

Mtambo wa mwisho ndio hupanga bei

Hata hivyo, kutokuwapo kwa washindani hakutoshi kueleza mruko wa 2007. Sababu kubwa imo katika namna bei ya jumla inavyopatikana.

Umeme haujilimbikizi katika nyaya. Kiasi kinachozalishwa hakina budi kulingana na kiasi kinachotumiwa, kila sekunde. Kwa hiyo msimamizi wa gridi huwasha mitambo kwa zamu, akianza na ile yenye gharama ndogo ya uendeshaji. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme mji unahitaji megawati 1,000. Kinu cha nyuklia kinatoa 500 kwa senti 2 kila uniti; mtambo wa makaa unatoa 300 kwa senti 3; na mtambo wa gesi unatoa 200 zilizobaki kwa senti 7.

Chini ya utaratibu wa zamani, tume ilichukua wastani wa gharama. Katika mfano wetu wastani huo ni senti 3.3, ambazo juu yake iliongezwa sehemu ya gharama za ujenzi. Chini ya soko la jumla, wote hulipwa bei ya mtambo wa mwisho uliohitajika, yaani senti 7, kama vile sokoni gunia la mahindi lina bei moja bila kujali mkulima yupi alilima kwa gharama ndogo. Watetezi wa soko husema kuwa ziada anayoipata mwenye mtambo wa gharama nafuu ndiyo inayolipia ujenzi wake, na ndiyo inayomvutia mwingine ajenge mtambo kama huo. Wapinzani hujibu kwamba vinu vya nyuklia vya Illinois vilikuwa vimekwisha kulipiwa kwa sehemu kubwa na wateja wale wale ambao sasa walitakiwa kununua umeme wake kwa bei ya gesi au makaa. Hoja zote mbili zina uzito.

Baada ya bei ya gesi asilia kupanda sana nchini Marekani katikati ya miaka ya 2000, bei ya jumla ya umeme ilipanda nayo. Mwezi Septemba, 2006, Illinois iliendesha mnada wa kununua umeme wa kuanzia mwaka uliofuata. Matokeo yalimaanisha ongezeko la zaidi ya asilimia 20 kwa wateja wa Chicago, na la karibu asilimia 40 au zaidi kwa wateja wa kampuni za Ameren katika sehemu za kati na kusini. Walioumia zaidi ni wenye nyumba za kupashwa joto kwa umeme. Hao walikuwa na bei nafuu ya pekee iliyokusudiwa kuwashawishi watumie umeme, na nafuu hiyo ilikwisha pamoja na zuio.

Kilio kilikuwa kikubwa. Wapo wabunge waliotaka bei zigandishwe tena. Kampuni zikaonya kwamba zikilazimishwa kununua ghali na kuuza rahisi zitafilisika. Mwezi Agosti, 2007, mapatano yakawa sheria: wazalishaji na kampuni za nyaya walitoa nafuu ya kiasi cha dola bilioni 1 kwa wateja katika muda wa miaka minne, mnada ule ukafutwa, na kikaundwa chombo cha umma cha kupanga ununuzi wa umeme kwa ajili ya wateja ambao hawajahama.

Onyo la California

Je, onyo la kufilisika lilikuwa vitisho tu? Jibu lilikuwa limekwisha kuonekana magharibi ya nchi. California nayo ilifungua soko mwaka 1998 na kugandisha bei za kampuni zake tatu kubwa. Katika mji wa San Diego zuio lilikwisha mapema, mwaka 1999. Bei ya jumla iliporuka katika kiangazi cha 2000, ankara za wakazi wa San Diego zilizidi mara mbili, na mwezi Septemba jimbo likarudisha kikomo kwa haraka. Kaskazini, wateja wa kampuni ya Pacific Gas and Electric walikuwa bado chini ya zuio. Ankara zao hazikutikisika, lakini kampuni ilinunua ghali na kuuza rahisi mpaka mwezi Aprili, 2001, ikaomba hifadhi ya mahakama kama mufilisi. Umeme ulikatwa kwa zamu mara kadhaa. Baadaye ilithibitika kwamba wachuuzi wa umeme, wakiwamo wa kampuni ya Enron, walikuwa wamechezea soko kwa hila. Mwezi Septemba, 2001, California ilisimamisha haki ya wateja kuendelea kuhama.

Mifano hiyo miwili yafaa iwekwe kando kwa kando. Bei ya jumla ilikuwa ghali pande zote mbili. Tofauti ni moja: kusini mzigo ulimwangukia mteja, kaskazini ulimwangukia muuzaji. Kugandisha bei hakukuondoa gharama. Kuliamua tu nani aibebe, na kwa muda gani.

Wauzaji wanafika

Baada ya zuio kwisha, wauzaji walianza kufika Illinois, na kuanzia mwaka 2011 walimiminika. Bei ya gesi ilikuwa imeshuka, lakini Commonwealth Edison ilikuwa bado imefungwa na mikataba iliyotiwa saini wakati umeme ni ghali. Mgeni aliyenunua kwa bei ya siku hiyo aliweza kuuza kwa bei nafuu zaidi bila taabu. Sheria ya 2009 ilikuwa imeruhusu pia miji inunue umeme kwa pamoja kwa niaba ya wakazi wake, baada ya kura ya maoni. Mwezi Novemba, 2012, wapiga kura wa Chicago walikubali. Mji ukateua muuzaji mmoja kwa mamia ya maelfu ya kaya, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya kampuni ya kawaida.

Faida hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikudumu. Katikati ya 2013 mikataba ya zamani ya Commonwealth Edison ilikwisha, bei yake ikashuka, na tofauti ikapungua. Mwaka 2015 mji uliuacha mpango huo, na wateja wakarejeshwa walikotoka. Kilicholeta nafuu hakikuwa ufundi wa muuzaji, bali tarehe za mikataba.

Hesabu ya mnunuzi

Wengine waliendelea kutafuta wateja nyumba kwa nyumba na kwa simu. Hapa hesabu ndogo ya darasani ina faida. Tuseme kaya inatumia uniti 700 kwa mwezi, na bei ya kampuni ya kawaida ni senti 7. Kwa mwaka italipa dola 588 kwa umeme wenyewe, bila gharama za nyaya. Muuzaji wa kwanza anatoa bei isiyobadilika ya senti 7.5: dola 630 kwa mwaka. Wa pili anatoa senti 6 kwa miezi mitatu, kisha bei inayobadilika. Ikiwa baada ya miezi hiyo bei yake itakuwa senti 10, mwaka utakwisha kwa dola 756. Aliyeanza kuwa rahisi kuliko wote amekuwa ghali kuliko wote.

Lakini tuseme bei ya kampuni ya kawaida inapanda kutoka senti 7 hadi 9 katikati ya mwaka. Hapo mteja wake atalipa dola 672, na yule wa bei isiyobadilika, aliyeonekana mjinga mwezi Januari, amepona. Zile senti zilizozidi zilikuwa bima.

Katika maisha halisi wengi hawakufanya hesabu hiyo, au hawakupewa maelezo ya kutosha kuifanya. Katika miaka iliyofuata 2015, kaya zilizohama katika eneo la Commonwealth Edison zililipa, kwa jumla, mamia ya mamilioni ya dola zaidi ya ambavyo zingelipa kama zingebaki. Mwaka 2019 ilitungwa sheria iliyoanza kutumika Januari, 2020: muuzaji lazima aonyeshe bei ya kulinganishia kila anaponadi, haruhusiwi kumtoza mwenye nyumba faini kwa kuuvunja mkataba, na kaya maskini zinazopata msaada wa Serikali wa kulipia nishati zinalindwa dhidi ya mikataba ya ghali.

Karibu na nyumbani

Mambo haya si mageni Afrika Mashariki. Uganda ilivunja shirika lake la umeme mwaka 2001 kuwa makampuni matatu, la kuzalisha, la kusafirisha na la kugawa, na kazi ya kugawa ikakodishwa kwa kampuni ya Umeme tangu 2005 hadi 2025. Sheria ya Nishati ya Kenya ya 2019 ilifungua mlango wa kuwa na wagawaji na wauzaji zaidi ya mmoja. Tanzania Bara, TANESCO huzalisha, husafirisha na kugawa, na bei zake huidhinishwa na EWURA. Ukame ulipopunguza maji ya mabwawa, na mitambo ya mafuta ya gharama kubwa ikakodishwa, bei ya wateja haikufuata mara moja. Lakini mwezi Januari, 2012, iliidhinishwa nyongeza ya wastani wa kidogo zaidi ya asilimia 40. Hapakuwapo soko la ushindani, wala wauzaji wa nyumba kwa nyumba. Hata hivyo gharama iliyozuiliwa ilifika mlangoni.

Kwa hiyo, swali la mwanzo lina jibu. Anayechagua muuzaji wa umeme hachagui umeme. Anachagua ni nani atakayeubeba mzigo bei ya mafuta, gesi au mvua itakapobadilika: yeye mwenyewe, muuzaji kwa muda wa mkataba, au umma kwa jumla kupitia tume na hazina. Chaguo hilo lina maana kwa anayejua kuisoma ankara yake na kuuliza mambo matatu: bei hii itadumu hadi lini, ikibadilika itabadilika kwa kanuni ipi, na bei ya kulinganishia ni kiasi gani. Asiyeuliza amechagua vilevile, isipokuwa amechaguliwa na mwingine.